Shahidi wa Kitangari

Mdogo wangu Dastani alikwenda Kampala kusomea mambo yaliyotupata sisi wenyewe. Siku aliponieleza hivyo nilicheka mpaka nikatua ndoo. Nikamwuliza, "Yaani serikali inakulipia meli na treni mpaka Uganda ili ukaambiwe kwamba Waingereza walikuja Newala? Si ungeniuliza mimi hapahapa Kitangari?"

Hakucheka. Tangu aingie chuo kikuu alikuwa ameacha kucheka mambo madogo. Aliniambia lipo somo la mwanzo ambalo kila mwanafunzi wa historia lazima alipitie, la jinsi Waingereza walivyoanza kutawala nchi za watu, na kwamba mwalimu wake, Mwingereza aitwaye Bwana Cuthbert, alikuwa amechoshwa na vitabu vya somo hilohilo analolifundisha. Vyote vimeandikwa na waliotawala, ndivyo alivyowaambia. Siku moja akawauliza darasani nani kati yao ana mtu kwao, aliye hai, aliyewaona Waingereza wakiingia. Wenzake wakatazamana. Msomi wetu akanyoosha mkono.

"Nikamwambia mjomba wangu yupo," Dastani alisema. "Nikamwambia Nakapala aliwaona kwa macho yake, na si kuwaona tu."

Nami niliposikia hivyo sikuona kosa, na yeyote wa kwetu asingeliona. Hapa sina budi kueleza, maana nawajua watu wa mbali, wataniuliza katikati ya habari.

Sisi ni Wayao tuliohamia uwandani huku kwa Wamakonde tangu enzi za mababu. Kwetu mwenye watoto ni mjomba. Dada zake wote na watoto wao ni mbumba wake, yaani watu walio chini ya mkono wake: akikosa mmoja wao analipa yeye, akiguswa mmoja wao anasimama yeye. Na mjomba akifa, mwili tunauzika lakini jina hatuliziki. Mpwa wake anaketishwa mkekani, anavikwa nguo nyeupe, unga wa mtama unamwagwa chini, na toka hapo yeye ndiye yule aliyekufa. Hasemi "mjomba wangu alifanya." Anasema "nilifanya." Wajane wanamwita mume, watoto wa marehemu wenye mvi kichwani wanamwamkia shikamoo baba. Jina lake la utotoni linawekwa kando, na mtoto akilitamka anapata kofi.

Mjomba wetu alizaliwa akaitwa Muharami. Alipokalia jina la Nakapala mimi nilikuwa msichana wa kutumwa maji, na Dastani alikuwa bado tumboni. Kwa hiyo yeye Dastani maisha yake yote hakumjua Nakapala mwingine. Yule aliyekuwa mtu mzima Waingereza walipoingia amelala kaburini nyuma ya shamba la mtama. Huyu wetu wakati ule alikuwa mtoto wa kuchezea vumbi. Haya kila mtu Kitangari aliyajua, na hakuna aliyeyasema, kwa sababu yalikuwa hayasemwi.

Ndipo likizo ndefu ilipofika, Bwana Cuthbert akafunga safari na mwanafunzi wake. Walishuka Lindi, wakapitia Nanganga na Masasi, ambako Dastani alisoma kwa wamisheni na ambako waliliondoa jina lake la Swalehe wakambatiza hilo la sasa. Walipopanda Newala wakafikia kwa Bwana Walter, kijana wa Kiingereza aliyekuwa msaidizi wa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, pale bomani. Bwana Walter alikuwa mwema. Nasema hivyo kwa sababu watu wakiisikia habari hii wanatafuta mtu mbaya, na mimi nimemtafuta sana, sikumpata. Alijua Kiswahili vizuri, na aliposikia kuna mzee atakayesimulia mambo ya zamani, akasema naye angependa kusikia.

Mjomba alifurahi kupita kiasi. Tangu awe jumbe serikali ilikuwa haijamwuliza kitu zaidi ya kodi na mashimo ya vyoo. Sasa mwalimu mkubwa ametoka Uganda kuja kumsikiliza! Alivaa kanzu na koti, Fatu mkewe akachinja kuku wawili, tukatandika mikeka uani asubuhi kabla jua halijawa kali. Sisi wanawake wa mbumba tukakaa upande wetu. Habari hii husimuliwa kwa Chiyao na husimuliwa mbele yetu, kwa maana sisi tuna sehemu yetu ndani yake.

Mjomba akaanza. Dastani aliketi katikati akigeuza kila neno kwa Kiingereza.

"Wajerumani walikuwa wamevuka Ruvuma, wametuachia njaa," mjomba alisema. "Wanaume wangu walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo, hawakurudi. Kisha wakaja hawa wengine, nao wakataka wapagazi. Wachache waliobaki nikawaficha porini. Tarishi wa serikali mpya akaja hapa, asimpate mwanamume hata mmoja. Akaenda kungoja kwenye njia ya maji, pale mteremko unapokuwa mkali. Dada zangu walipopanda na mitungi, akawafunga kamba shingo kwa shingo, akawakalisha juani, mitungi imejaa mbele yao. Akasema hawataonja hata tone mpaka wanaume wajitokeze. Dada yangu mmoja alikuwa mjamzito."

Hapo hujigusa kifuani. Hata watoto husogea karibu.

"Nikatoka porini. Nikamwambia, nimekuja, nifunge mimi, wafungue hawa. Akainama kuifungua kamba. Nikamsukuma. Kule chini hakuna aliyekwenda kumtafuta."

Tukapiga vigelegele. Ndiyo desturi; hao waliofungwa kamba ni sisi. Nilipiga changu kwa nguvu zangu zote, na nilipofumbua macho nikamwona Dastani akimalizia kutafsiri. Kiingereza sikijui, ila nilimwona akijigusa kifuani kama mjomba alivyojigusa. Bwana Cuthbert alikuwa anaandika mbiombio, uso umemwiva kwa furaha. Bwana Walter alikuwa hafurahi tena.

"Mzee," akasema kwa Kiswahili, "huyo tarishi ulimsukuma wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe," mjomba akajibu.

"Wewe Nakapala?"

"Mimi Nakapala. Nani mwingine?"

Bwana Walter akasema kwa sauti ya chini kwamba bomani bado wanakumbuka kuwa tarishi mmoja alipotea njia ya Kitangari zamani zile, na hakupatikana mpaka leo. Mtumishi wa serikali ameuawa, akasema, na mauaji hayachakai kama nguo. Hapo ndipo Dastani aliposhtuka. Akamshika mkono Bwana Walter, akamvuta kando penye mikorosho, akamwaga Kiingereza huku akielekeza kidole nyuma ya shamba la mtama. Mdomo huponza kichwa, nikasema moyoni, na safari hii umeponza kichwa cha mwingine.

Waliporudi, Bwana Walter aliuliza kwa upole, nadhani alitaka kwa kweli jambo liishe palepale. "Mzee, mpwa wako anasema aliyefanya hayo ni Nakapala mwingine, amekwisha kufa, na wewe wakati ule ulikuwa mtoto. Ni kweli?"

Sote tukaangalia chini. Fatu alijifunika uso kwa kanga. Lilikuwa tusi ambalo sijalisikia likitamkwa mbele ya mtu, na lilikuwa limetoka kwa mtoto tuliyemlea.

"Hakuna Nakapala mwingine," mjomba akasema. "Nakapala hajafa."

Kesho yake askari walikuja kumchukua. Hawakumfunga kamba. Alitembea mbele yao na kanzu yake ileile, na watu walipomwamkia kwa heshima njiani, "Shikamoo, Che Nakapala," aliitikia marahaba kana kwamba anakwenda kwenye baraza lake mwenyewe.

Bwana Walter alikwenda kutazama vitabu vya zamani vya bomani, na huko nako akamkuta Nakapala. Alikuwa jumbe wa Kitangari tangu kodi ya kwanza ya Waingereza, na alikuwa jumbe wa Kitangari mwaka huohuo tuliokuwa nao. Hapana mahali palipoandikwa kwamba amekufa, kwa kuwa sisi hatukwenda kusema. Tungesemaje? Na mjomba mwenyewe, jua na jembe vilikuwa vimemzeesha, mvi zimejaa na meno ya mbele hana. Mgeni angemkadiria umri wowote. Basi maneno ya Dastani yakaonekana ni ya mpwa anayemtungia mjomba wake uongo, uongo wa kitoto hasa.

Bwana Walter alimwambia Dastani hivi: kama kuna mtu wa ukoo atakayekuja bomani, aape mbele ya mshitakiwa kwamba Nakapala wa tarishi amekufa, na kwamba huyu ni mtu mwingine mwenye jina lake la kuzaliwa, basi kesi itaishia Newala. La sivyo mzee atapelekwa Lindi kwa jaji. Kila mtu alijua kinachofuata baada ya jaji.

Dastani alirudi Kitangari mbio, akawakusanya wazee. Mkubwa wao alikuwa Mzee Chikambo, ndiye aliyemketisha mjomba mkekani miaka ile. Dastani alipiga magoti mbele yake na suruali yake ya Kampala.

"Babu, neno moja tu," alimwambia. "Semeni jina lake la utotoni. Watamnyonga!"

"Watamnyonga mtu," Mzee Chikambo akasema. "Jambo baya, nami nitalia. Lakini Nakapala atakaliwa na mwingine, kama siku zote. Tukienda kuapa kwa Mzungu kwamba Nakapala amekufa, tumelizika jina kwa mikono yetu. Nani atakuwa mwenye mbumba? Tukigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, nani atasema 'nilifyeka hapa mimi'? Hawa dada zako watasema ni watu wa nani?"

"Watu wa Muharami," Dastani akasema.

Mzee Chikambo alimzaba kofi. Lilikuwa kofi la kawaida, la mtoto aliyetamka lisilotamkwa, ila mtoto huyu alikuwa na ndevu.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya ua, nasikiliza. Niseme ukweli wangu: sikuwa upande wa yeyote. Mzee Chikambo alinitia hasira kwa kumwuza mjomba kwa bei ya jina, na Dastani alinitia hasira zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyewaleta. Mimi nilitaka mjomba arudi nyumbani, akae kwenye kigoda chake, anikaripie kwa kuchelewa kuleta maji. Nilitaka arudi na jina lake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na anayeyapandisha kwenye mteremko ule anajua neno hilo kuliko wengine.

Nikampelekea chakula bomani. Askari mmoja, Mmakua wa Masasi, alituruhusu tuongee dirishani.

"Mwambie mdogo wako asije kuapa," mjomba akasema kabla hata hajanawa.

"Mjomba, watakuua."

"Mama Alfani," alisema, na ananiita hivyo anapotaka nimsikilize, "ulipokuwa mdogo uliwahi kuniona nikiogopa kufa?"

"Nilikuona ukiogopa nyuki," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Walifungwa kamba shingoni, na mtu mmoja akatoka porini. Mtu huyo nikisema si mimi, basi hakutoka mtu. Umeelewa?"

Nilielewa, na kuelewa kwenyewe kukaniuma. Nililia njia nzima ya kurudi.

Wazee walipokataa, Dastani alikwenda kuapa mwenyewe. Sikumfikishia ujumbe wa mjomba; nilifunga mdomo, acha atakalolifanya alifanye. Siku ya baraza tulijaa pale bomani, wazee upande mmoja, wanawake wa mbumba upande mwingine. Bwana Cuthbert alikuwa ameketi pembeni, ameinamisha kichwa. Alikuwa hashiki kalamu siku hiyo. Mjomba aliletwa akasimama, kofia kichwani, hakutuangalia.

Dastani alishika Biblia, akaapa. Akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Nakapala aliyekuwapo Waingereza walipoingia amekufa. Kaburi lake liko nyuma ya shamba la mtama la nyumbani kwetu. Mtu huyu ni mpwa wake. Jina lake la kuzaliwa ni Muharami."

Mzee Chikambo alitema mate chini, akaketi ameupa uso wake ukuta.

Bwana Walter akamgeukia mjomba. "Umesikia. Unasemaje?"

"Nakapala hajafa," mjomba akasema, kama alivyosema uani kwake.

Bwana Walter akashusha pumzi. Alisema bila hasira, taratibu, kama mtu anayefundisha watoto hesabu. "Mzee, nisikilize vizuri. Nina watu wawili mbele yangu. Huyu ameapa kwamba Nakapala amekufa. Wewe unasema Nakapala ni wewe. Mmoja wenu anasema uongo. Kama wewe ndiye Nakapala, basi kijana huyu ameapa uongo kwa Biblia ili amfiche muuaji, na hilo ni kosa kubwa. Naye atakwenda Lindi na pingu, na atafungwa. Chuo hatakiona tena."

Mjomba aligeuka kwa mara ya kwanza. "Nani? Huyu mtoto?"

"Huyu."

"Huyu wa dada yangu?"

"Huyo, mzee."

Dastani alikuwa bado ameishika Biblia mkononi. Ukiniuliza, naamini hakuwa amelifikiria hilo. Alikwenda kule akidhani ukweli ukisemwa unamaliza kazi, kama kwenye mtihani. Mjomba alimtazama muda mrefu, kisha akatutazama sisi dada zake na wapwa zake, mmoja mmoja, kama anavyotutazama siku za sikukuu kuona nani hakuja. Nilijua atasema nini kabla hajasema, na nilitaka kumzuia na nilitaka aseme upesi.

Alivua kofia.

"Mimi ni Muharami," akasema. "Nilikuwa mtoto. Tarishi sikumwona. Aliyemsukuma ni mjomba wangu, na mjomba wangu amekufa."

Mjomba wangu! Toka nipate akili sikuwahi kumsikia mtu huyo akisema ana mjomba. Fatu alipiga yowe, akajishika kichwa, na sisi tukamfuata, kilio cha msiba hasa, kilichotoka tumboni. Wazee waliinuka wakavua kofia zao. Bwana Walter alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kumpongeza mjomba. Mkono ukabaki hewani.

"Mbona wanalia?" akamwuliza Dastani. "Si ameachiwa?"

Dastani alikuwa ameweka Biblia mezani na kuegemea meza kwa mikono miwili.

Tukarudi Kitangari kwa miguu, na njia nzima hakuna aliyejua amwiteje. Watoto waliokutana nasi walisema, "Shikamoo, Che Na..." wakanyamaza, wakatuangalia sisi. Yeye aliitikia marahaba tupu. Fatu alitangulia mbele peke yake, kwa sababu hakuwa tena mke wa mtu aliyekuwa akitembea nyuma yake. Alikuwa mjane wa Nakapala.

Matanga tuliyaweka palepale uani. Mwalimu wa msikiti akasema hayo si dini. Mzee Chikambo akamjibu kwamba hata sisi hatukusema ni dini. Tulinyoa nywele. Muharami alinyolewa pamoja na jamaa wengine, akaketi mwisho wa mkeka kati ya wanaume wa kawaida, akapokea pole ya msiba wa mjomba wake. Chakula chake nilimpelekea mimi, maana Fatu alifungwa kitambaa cheupe kichwani na haikufaa ampakulie mwanamume. Lakini alimpikia. Nilimwona akimchagulia nyama laini kwa ajili ya yale meno, kisha ananipa mimi sahani bila kusema inakwenda kwa nani. Mzee mmoja alitania kwamba matanga yakiisha Fatu anaweza kuolewa tena, hata na Muharami akileta posa. Watu walicheka kidogo. Muharami hakucheka, na mimi nilitoka nikaenda kulia jikoni.

Siku ya kumaliza matanga mkeka ulitandikwa, nguo nyeupe ikaletwa. Muharami alikwisha kulikana jina, na kwa haki ya ukoo mpwa wa kiume aliyebaki alikuwa mmoja. Mzee Chikambo alimwita Dastani, na hakuwa na kinyongo usoni, alikuwa amechoka tu.

"Uliliua wewe," akamwambia. "Njoo ulikalie."

Dastani alisimama pale na kichwa chake kilichonyolewa. Akasema yeye ni Mkristo. Akaambiwa wapo Wakristo waliokalia majina, padri wa Kiafrika kule Masasi anao watatu kanisani kwake. Akasema bado ana miaka ya masomo Kampala. Akaambiwa mkeka utamngoja siku ya leo tu. Halafu akasema lile lililokuwa moyoni mwake: "Babu, nikilikalia nitasema nini? Nitasema nilimsukuma? Mimi niliyeapa kwamba Nakapala amekufa?"

Mkeka ukakunjwa. Nguo nyeupe alipewa Fatu aitunze, akaiweka sandukuni chini ya kanga zake. Toka siku ile sisi ni mbumba wasio na mwenyewe. Mwaka haukuisha majirani wakasogeza mpaka hadi kwenye mikorosho yetu, na tulipokwenda kwenye baraza la jumbe mpya wakatuuliza nani alifyeka shamba lile. Hatukuwa na mtu wa kusema "mimi."

Lakini nilitaka kumalizia kwa siku Dastani alipoondoka. Bwana Cuthbert alikuwa anamngoja Newala na gari. Alikuwa ameandika maelezo yote ya asubuhi ile uani, kisha akayachana yeye mwenyewe baada ya baraza, ndivyo Dastani alivyoniambia, kwa sababu aliogopa yasije yakamdhuru mtu tena. Kwa hilo namshukuru. Ila Dastani bado alitakiwa kuandika juu ya mwanzo wa utawala wa Waingereza kwao, hilo ndilo lililomleta, na alikuwa hana hata mstari.

Alitukuta uani tunapukuchua mahindi, mimi na Muharami. Alikuwa amevaa viatu tayari, na kofia ya kuficha kipara.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Akaketi juu ya kinu. Akatoa kalamu, akaifumbata mkononi, akaitoa tena. Nilimwonea huruma na nilitaka kumpiga, yote mawili kwa pamoja.

"Mjomba, nisamehe," akasema.

"Nilikwisha kukusamehe bomani. Nisingekusamehe ungekuwa Lindi."

"Najua." Akatoa na karatasi. "Mjomba, ile habari ya Waingereza walivyoingia. Sitaandika jina lolote. Sitaandika Kitangari. Nisimulie mara moja tu, niiandike sawasawa, isipotee. Wewe ndiye unayeijua yote."

Muharami alipukuchua hindi lote alilokuwa nalo mpaka mwisho, punje zikaanguka ungoni. Mikono yake haikuwa na haraka. Hakuwa amekasirika, ningependa sana niseme alikasirika.

"Siku ile mimi nilikuwa na mama yangu porini," akasema. "Nilikuwa mdogo. Mama aliniziba mdomo nisilie. Sikuona kitu, mwanangu."

"Lakini ulitusimulia. Kila mwaka ulitusimulia. Dada zako, ile kamba, mitungi..."

"Alisimulia aliyekuwapo."

"Sasa nimwulize nani?" Dastani akasema, na sauti ikamkatika kama ya mtoto. "Mjomba, nimwulize nani?"

Muharami alinyoosha mkono, akachukua hindi jingine.

"Muulize Nakapala," akasema.